Siku tatu Edinburgh, mchezaji mmoja na goti bovu: ni uwanja upi wa gofu?

Swali: *Mwezi wa Julai, Mungu akijalia, mimi na mke wangu tutakuwa Edinburgh kwa mahafali ya binti yetu. Shughuli za chuo zitakwisha Alhamisi na ndege yetu ya kurudi Nairobi ni Jumatatu asubuhi, kwa hiyo nina Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nimekuwa nikicheza gofu tangu nilipostaafu, handikapu yangu (mapigo ya ziada ninayoruhusiwa) ni 22, na hamu yangu kubwa ni kucheza Old Course, uwanja mkongwe maarufu wa mji wa St Andrews. Wakala mmoja wa safari anataka nilipe fedha nyingi sana kwa kile anachokiita nafasi ya uhakika, pamoja na hoteli ambayo sikuiomba. Rafiki yangu wa klabuni ananiambia nisijisumbue na viwanja vingine kwa sababu vyote ni vya wanachama na mgeni asiyejulikana hapokelewi. Hatutakodi gari, mke wangu hachezi, na goti langu la kulia hunisumbua nikitembea mwendo mrefu. Je, nilipe, au kuna njia nyingine?*

Jibu: Hongera kwa mahafali ya binti, na ahsante kwa kueleza hali yako kwa ukamilifu, maana katika swali la aina hii siku za wiki, usafiri na goti vina uzito kuliko sifa za uwanja wowote. Naona una hofu mbili. Unaogopa kufika Uskoti, mahali gofu lilikozaliwa, na kurudi bila kulicheza, na unaogopa pia kutapeliwa ukijaribu kukwepa hilo la kwanza. Nikujibu moja kwa moja: usimlipe wakala huyo. Kwa siku ulizo nazo, Old Course ndiyo iliyo ngumu kuipata kuliko viwanja vyote utakavyokuwa karibu navyo, ilhali kwa mwendo wa saa moja au pungufu kutoka hapo utakapolala kuna viwanja vya udongo uleule, upepo uleule na umri unaokaribiana, ambavyo vitakupokea bila mizengwe.

Rafiki yako ana sehemu ndogo ya ukweli. Zipo klabu, kama ile ya Muirfield, ambazo hupokea wageni kwa siku na saa chache tu, na unapaswa kuomba mapema sana. Lakini Uskoti ina viwanja zaidi ya 500 kwa watu wasiofika milioni sita, na klabu nyingi haziwezi kutunza nyasi zao kwa michango ya wanachama peke yake. Ada ya mgeni ndiyo inayosaidia kulipa watunza uwanja na kuzuia mchango wa mwanachama usipande, na ndiyo maana hata klabu za miaka mingi zenye majina makubwa hutenga saa za wageni kila wiki. St Andrews yenyewe si mali ya klabu yoyote. Viwanja vyake vyote saba viko chini ya St Andrews Links Trust, shirika lililowekwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974 ili kuviendesha kwa manufaa ya umma, na lile jengo maarufu la mawe nyuma ya tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia kupiga, ni la klabu ambayo wanachama wake nao hucheza humo kwa utaratibu, kama wengine.

Sasa, kwa nini nasema Old Course haikufai safari hii? Jumapili hufungwa, isipokuwa katika mashindano machache makubwa. Huo ni utaratibu wa muda mrefu wa kuupumzisha uwanja, na siku hiyo unageuka bustani ya watu wote. Jumamosi, wakazi wa mji na klabu za hapo wana saa zao, kwa hiyo nafasi za wageni hupungua. Inabaki Ijumaa. Mgeni ambaye hakuomba tangu mwaka uliotangulia huingia katika droo inayofungwa saa nane mchana, siku mbili kabla ya kucheza. Kuingia hakuna malipo, unalipa ukipata tu, na wanaoomba lazima wawe wawili au zaidi. Wewe uko peke yako. Kwa wachezaji wa namna yako, tangu mwaka 2024 ipo droo nyingine ya kila siku: unakwenda St Andrews wewe mwenyewe siku moja kabla, unajiandikisha kabla ya saa kumi na moja jioni, kisha unajulishwa kama umepangiwa kujaza kundi lenye upungufu. Maana yake ni kwamba ili ucheze Ijumaa ungepaswa kuwa St Andrews Alhamisi, yaani siku ambayo binti yako bado yuko katika shughuli za mahafali. Sidhani kama mama yake angekuelewa, na kusema kweli hata mimi nisingekuelewa.

Kuhusu nafasi ya uhakika: zipo za halali. Links Trust huidhinisha mawakala fulani na kuwagawia idadi ya nafasi, nao huziuza pamoja na hoteli na huduma nyingine, ndiyo sababu bei yake hupanda hadi kuwa mara kadhaa ya ada ya uwanja wenyewe, ambayo msimu wa kiangazi tayari imepita pauni 300. Kwa hiyo kutajiwa hoteli peke yake si dalili ya utapeli. Dalili ni wakala asiyeweza kukuonyesha kwamba ameidhinishwa, au anayetaka fedha yote kabla ya kukupa tarehe na saa kwa maandishi. Waulize Links Trust wenyewe kwa barua pepe kama wanamtambua wakala huyo. Hata akiwa halali, bado utakuwa unalipa fedha za kundi la matajiri wanne kwa ajili ya asubuhi moja ya mtu mmoja.

Hapa inafaa nieleze kinachofanya viwanja hivyo viwe tofauti na tulivyovizoea, kwa sababu ukikielewa utaona kwamba unachokitafuta hakiko St Andrews peke yake. Gofu la Uskoti lilikulia katika ukanda mwembamba wa mchanga ulio kati ya bahari na mashamba, ardhi isiyofaa mahindi wala ngano, ambayo wenyewe huiita links. Mchanga hunyonya maji haraka, kwa hiyo ardhi hubaki ngumu hata baada ya mvua. Nyasi zinazoota humo ni nyembamba, fupi na zisizohitaji mbolea nyingi. Mpira ukitua hauzami wala kusimama, unaendelea kubiringika, na mara nyingi mahali ulipotua si mahali utakapoukuta. Miti ni michache au haipo kabisa, hivyo upepo unakufikia bila kizuizi. Mabonde na vilima vidogo vilichongwa na bahari na upepo kabla mtu hajafikiria kuchimba shimo la kwanza. Hali hiyo utaikuta pwani nzima ya mashariki mwa Edinburgh, katika eneo la East Lothian, ambalo reli na mabasi hulifikia kwa urahisi.

Kwako wewe kuna jambo la ziada. Viwanja vya Nairobi viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira hukutana na ukinzani mdogo. Ukishuka hadi usawa wa bahari, hewa ni nzito, na ile ya Uskoti ni ya baridi hata Julai, jambo linaloongeza uzito wake na kupunguza uhai wa mpira. Tarajia fimbo uliyoizoea kwa mita 140 ikuangushie mpira mita kumi au zaidi kabla ya hapo, hata kabla hujahesabu upepo wa uso. Wachezaji wengi wa nyanda za juu huchukulia upungufu huo kuwa ubovu wao, wakaanza kupiga kwa nguvu, na siku ikaharibika. Chukua fimbo ndefu zaidi, piga taratibu, na acha ardhi ngumu ikusaidie.

Ijumaa, basi, ningekupeleka North Berwick. Treni kutoka kituo cha Waverley huchukua kama nusu saa, na kutoka kituo cha mwisho hadi klabu ni mwendo mfupi wa miguu. Klabu ya hapo ilianzishwa mwaka 1832, na uwanja wake, West Links, unaanzia mjini na kufuata ufuo hadi unapogeuka kurudi. Shimo la 13, liitwalo Pit, lina kitu ambacho hutakiona katika viwanja vya Karen wala Muthaiga huko Nairobi: ukuta wa mawe wa zamani umepita moja kwa moja mbele ya grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, na grini yenyewe imelala katika kijibonde kati ya ukuta huo na vichuguu vya mchanga. Mpira wako unaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye bendera, lakini ukuta uko katikati, na huna ruhusa ya kuusogeza. Unapiga juu kwa ulaini, au unakubali kuzunguka pembeni na kupoteza pigo. Shimo la 15, Redan, limeigwa duniani kote: grini yake inateremka kwenda nyuma upande wa kushoto huku shimo refu la mchanga likilinda mbele, kiasi kwamba mpira unaoelekezwa moja kwa moja kwenye bendera mara nyingi haubaki, na mwenye akili hulenga kulia na kuuacha ubiringike wenyewe. Mke wako naye hatakaa kukusubiri kwa kuchoka. Bandarini pana kituo cha ndege wa baharini kinachoangalia kisiwa cha Bass Rock, ambacho wakati huo wa mwaka huwa cheupe kwa ndege waliotaga, na fukwe ziko pande zote mbili za bandari.

Tatizo ni kwamba North Berwick sasa inajulikana mno. Ada yake ya kiangazi imepita pauni 200 na nafasi huchukuliwa miezi mingi kabla. Angalia pia kalenda: mashindano ya Scottish Open yamekuwa yakifanyika Julai katika uwanja wa Renaissance, jirani kabisa na hapo, na wiki hiyo treni, hoteli na viwanja vyote vya eneo hilo hujaa. Ukikosa, usihuzunike. Upande wa pili wa mji huohuo kuna klabu ya Glen, juu ya miamba, yenye ada ndogo zaidi na mandhari ambayo kwa maoni yangu inaizidi ya jirani yake. Kuna Longniddry, iliyo karibu na kituo cha treni cha njia hiyohiyo, ingawa sehemu yake ina miti. Kuna Gullane, yenye viwanja vitatu ambavyo namba 2 na namba 3 hupatikana kwa urahisi kuliko namba 1, lakini huko utahitaji basi. Mtu mwenye handikapu ya 22 anayecheza peke yake atafurahia Glen kama ambavyo angefurahia West Links, na fedha itakayobaki itatosha chakula cha jioni cha watu watatu.

Jumamosi ndiyo siku ngumu kwa wageni, kwa sababu asubuhi wanachama wa klabu nyingi huwa na mashindano yao ya ndani. Lakini Julai jua la Edinburgh huzama karibu saa nne usiku, na mtu aliyezoea giza la saa moja husahau hilo anapopanga. Ukianza saa tisa alasiri una muda wa kutosha kumaliza mashimo 18 bila haraka, na klabu kadhaa hupunguza ada kwa wanaoanza jioni. Hata hivyo, kwa sababu ya goti, siku hiyo ningekushauri mashimo tisa tu, nayo yawe ya Musselburgh Old Links. Uwanja huu uko ndani ya mzunguko wa mbio za farasi, pembeni mwa Edinburgh, na basi la mji linakufikisha. Kumbukumbu za maandishi zinaonyesha gofu likichezwa hapo mwaka 1672, na The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, ilifanyika hapo mara sita kati ya 1874 na 1889. Kipenyo cha shimo tunachokitumia duniani kote, milimita 108, kinatokana na chombo cha kukatia mashimo kilichokuwa kikitumika hapohapo Musselburgh. Unaweza kukodi fimbo za mbao za mtindo wa kale na kucheza nazo, na kwa makumi machache ya pauni unasimama mahali ambapo mabingwa wa karne ya 19 walisimama. Uwanja si mzuri kwa macho. Usiutarajie uwe zulia. Unauchezea historia.

Kama Jumamosi Musselburgh itashindikana, au ukitaka kumvuta mke wako na binti mchezoni, kuna Bruntsfield Links katikati ya mji, mwendo mfupi wa miguu kutoka majengo ya chuo kikuu yaliyo kusini mwa Edinburgh. Ni mashimo mafupi kwenye uwanja wa wazi, kucheza ni bure kabisa, na watu wamekuwa wakipiga mpira hapo kwa karne nyingi. Unahitaji fimbo mbili tu, hata za kuazima.

Jumapili nendeni St Andrews, nyote watatu. Treni hadi Leuchars huchukua kama saa moja, halafu basi la dakika chache hadi mjini. Angalia ratiba mapema kwa kuwa Jumapili safari za asubuhi huwa chache. Old Course itakuwa imefungwa kwa wachezaji lakini wazi kwa waendao kwa miguu, na mtapita katika njia zake pamoja na wenyeji na mbwa wao, mkasimama juu ya kidaraja cha Swilcan na kupiga picha bila mtu kuwapigia kelele mpishe. Viwanja vingine vya hapohapo huendelea kupokea wachezaji siku hiyo. New Course ilifunguliwa mwaka 1895, kwa hiyo usidanganywe na jina lake. Jubilee ya 1897 ni ngumu kwa handikapu yako upepo ukiwa mkali. Chaguo langu kwako ni Eden ya mwaka 1914, au Strathtyrum, ambayo ni fupi zaidi na ina mashimo machache ya mchanga. Zote mbili unaweza kuzihifadhi mtandaoni kabla ya kuondoka Nairobi. Ikiwa safari yako ni ya Julai 2027, jua kwamba The Open itafanyika St Andrews mwezi huo, na mpango wote wa Jumapili lazima uthibitishwe kwanza na Links Trust.

Tuje kwenye goti. Nyumbani umezoea kedi anayebeba mfuko, anayetafuta mpira na kukuambia mstari wa grini. Uskoti wachezaji wengi hubeba mifuko yao wenyewe au huisukuma kwa toroli. Makedi wapo katika viwanja vikubwa, lakini unawaomba mapema na kuwalipa mbali na ada, na gharama si ndogo. Vigari vya gofu, ambavyo pengine ndivyo unavyovitegemea, ni vichache sana katika viwanja vya pwani, na klabu nyingi huvitoa kwa mwenye barua ya daktari pekee. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi juu ya ardhi isiyo sawa. Ndiyo maana nimekupangia raundi kamili mbili na siku ya katikati iwe nyepesi. Kama goti huvimba, hujifunga ghafla au hukuamsha usiku, hilo si jambo la kumaliza kwa ushauri wa maandishi: muone daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo miezi miwili kabla, na ikiwa ataona kigari ni lazima, akuandikie barua kwa Kiingereza. Toroli ya kukodi iombe kwa vyovyote.

Fimbo zako ziache nyumbani. Kwa raundi mbili na nusu, usumbufu wa kubeba mfuko uwanjani wa ndege, kwenye treni na katika chumba cha hoteli hauna faida; klabu nilizozitaja hukodisha seti, ila kama unatumia mkono wa kushoto sema mapema kwa sababu seti hizo ni chache. Chukua viatu vyako, mipira ya kutosha, glovu ya ziada, koti jepesi lisilopenya maji na sweta. Suti na tai havihitajiki: shati lenye kola na suruali isiyo ya jinzi vinatosha.

Kabla ya safari kaa na mwalimu wa gofu wa klabu yako kwa vipindi viwili. Mwombe akufundishe pigo la chini linalokaa chini ya upepo, na jinsi ya kutumia fimbo ya grini ukiwa bado hatua kumi nje ya grini, kwa kuwa kwenye nyasi zile fupi na ngumu pigo la juu la wasiwasi ndilo linaloharibu kadi. Akuonyeshe pia namna ya kutoka katika shimo la mchanga lenye ukuta wima: mara nyingi jibu ni kupiga pembeni, au hata nyuma, na kuendelea na maisha. Vilevile mwombe katibu akuchapishie uthibitisho wa handikapu yako. Kwa kuwa Kenya inafuata mfumo wa dunia wa handikapu ulioanza mwaka 2020, namba yako itaeleweka huko bila maelezo. Viwanja vingi havitaiuliza, lakini anayeiuliza hakubali neno la mdomo. Watakachokuangalia zaidi ni mwendo: raundi ya watu wanne hutarajiwa kumalizika kwa saa nne hivi, na mtu anayetafuta mpira mmoja kwa muda mrefu hukasirikiwa kuliko anayepiga mapigo 110.

Anza kuandika sasa, usingoje mwaka mpya. Mwandikie barua pepe katibu wa klabu au mhusika wa duka la klabu, ueleze kwamba u mgeni mmoja kutoka Kenya, utaje tarehe, handikapu, na kwamba uko tayari kuunganishwa na kundi la wawili au watatu. Sentensi hiyo ya mwisho hufungua nafasi ambazo mfumo wa mtandaoni haumwonyeshi mtu aliye peke yake. Wasipojibu kwa wiki moja, wapigie simu. Na kwa Musselburgh uliza swali moja kabla ya yote: Jumamosi hiyo kuna mbio za farasi?